Astrid Wawili wa Mwaka 1926, na Mji Uliobeba Jina

Tarehe 10 Novemba 1926, binti wa kifalme wa Sweden aliyeitwa Astrid alifunga ndoa ya kanisani mjini Brussels na Leopold, mrithi wa kiti cha enzi cha Ubelgiji. Ndoa ya kiserikali walikuwa wamekwisha kuifunga Stockholm siku sita kabla. Meli iliyomleta bibi harusi ilipotia nanga Antwerp, alimkimbilia mumewe akambusu mbele ya umati, jambo ambalo itifaki ya ikulu haikuwa imelipanga. Kuanzia saa ile Wabelgiji wakampenda. Ilikuwa imebaki wiki moja atimize miaka 21.

Siku 24 baada ya harusi hiyo, tarehe 4 Desemba, Mswidi mwingine aliyeitwa Astrid alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya Rigshospitalet, Copenhagen. Alikuwa na miaka 19, hana mume. Baba wa mtoto alikuwa mhariri wa gazeti la mji mdogo wa Vimmerby alikokuwa akijifunza kazi, mtu mzima mwenye watoto wengi na ndoa iliyokuwa inavunjika. Safari ya kwenda kujifungulia nchi nyingine ilikuwa na sababu moja tu: hospitali ile ndiyo pekee katika Skandinavia iliyomruhusu mama kujifungua bila jina la baba kupelekwa kwa wakuu wa serikali. Mtoto, Lars, aliachwa Copenhagen kwa mama mlezi. Mama akarudi Stockholm kutafuta kazi ya ukatibu muhtasi.

Astrid wa kwanza alikuja kuwa malkia wa Ubelgiji. Wa pili tunamjua kwa jina la ukoo alilolipata alipoolewa mwaka 1931: Astrid Lindgren. Ukifungua kamusi yoyote ya majina utawakuta wote wawili kwenye orodha ya watu mashuhuri, wamepangwa mstari mmoja, malkia na mwandishi, kana kwamba jina limewafanya ndugu. Orodha za namna hiyo hunikera kidogo. Hazisemi jina lilifikaje mbali, nani alilisafirisha, kwa nguvu gani, na nani alilibeba bila kuulizwa. Na kwa jina hili la Astrid, sehemu nzito ya historia yake haikufanyika Stockholm wala Brussels. Ilifanyika Rwanda, na haimo kwenye orodha hizo.

Lakini tuanze kule lilikozaliwa. Kwa Kinordi cha kale ni Ástríðr, jina lililounganishwa kutokana na neno la mungu na neno la uzuri au kupendwa, na mkia wake ni ule ule ulioko kwenye Ingrid na Sigrid. Hayo yanatosha kuhusu maana. Wanawake wa kale waliolibeba wanapendeza zaidi kuliko maana yenyewe.

Kuna Astrid binti Eirik, mama wa Olaf Tryggvason aliyetawala Norway kuanzia mwaka 995. Masimulizi ya wafalme wa Norway yanasema mumewe aliuawa akiwa yeye ni mjamzito, akakimbia, akajifungua mafichoni kwenye kisiwa kidogo ziwani. Miaka michache baadaye alipanda meli kwenda kwa kaka yake aliyekuwa akiutumikia ufalme wa mashariki, katika Urusi ya leo, na njiani maharamia wa Estonia wakawakamata. Mama na mtoto wakatenganishwa. Mtoto, mfalme mtarajiwa, alibadilishwa kwa mbuzi dume mmoja mnene, kisha akabadilishwa tena kwa vazi. Mama alionekana miaka kadhaa baadaye kwenye soko la watumwa, amekonda, amepauka, amevaa vibaya, na tajiri wa Norway aliyeitwa Lodin akamtambua. Alikubali kumkomboa kwa sharti kwamba amuoe. Astrid akakubali. Simulizi linaiona hiyo kuwa bahati njema, nami sitabishana na watu wa karne ya 10, ila naona kwamba mtoto alikuwa na bei na mama alikuwa na sharti.

Wa pili ninampenda zaidi. Ni Astrid binti Olof, mke wa Olaf Haraldsson, yule mfalme aliyeuawa katika vita vya Stiklestad mwaka 1030 na baadaye kuitwa mtakatifu. Mfalme aliacha mtoto mmoja wa kiume, Magnus, ambaye hakuwa wa Astrid. Mama yake alikuwa Alfhild, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Kwa hesabu za kawaida za wake wenza, Astrid alikuwa na kila sababu ya kumwacha Magnus apotelee huko uhamishoni. Badala yake alisimama mbele ya baraza la Waswidi, watu wa kwao, akawaomba wampe mtoto wake wa kambo jeshi la kwenda kudai Norway. Wazee walisita, walikuwa wamechoka kupeleka vijana wao Norway wakafie huko. Aliendelea kusema mpaka wakakubali, na mwaka 1035 Magnus akawa mfalme.

Malenga wa mfalme, Sigvat, alimtungia Astrid beti za kumsifu, akisema waziwazi kwamba Magnus ana deni kwake. Kisha likafuata jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuona nyumba ya wake wawili ataliamini mara moja. Alfhild, kwa kuwa sasa ni mama wa mfalme, alitaka heshima kubwa kuliko Astrid, na mzozo ukafika mpaka mahali pa kukaa. Sigvat akatunga ubeti mwingine wa kumnasihi Alfhild amwache Astrid akae juu yake, hata kama Mungu amemwinua. Umri wa beti hizo unakaribia miaka 1,000 na bado zinanuka ukumbi ule.

Huko Denmark jina hilo lilitamkwa Estrid. Estrid binti Svend alikuwa dada wa Knut Mkuu, aliyetawala Uingereza, Denmark na Norway kwa pamoja. Mume wa Estrid, Ulf, aliuawa kwa amri ya Knut mwenyewe. Mtoto wao, Svend, alipoukalia ufalme wa Denmark kuanzia mwaka 1047 hakuitwa mwana wa Ulf. Aliitwa Svend Estridsen, mwana wa Estrid, kwa sababu damu ya kifalme ilitoka upande wa mama, na ukoo mzima wa wafalme waliomfuata umebaki kwenye vitabu kwa jina la mwanamke huyo. Katika jamii iliyohesabu nasaba kwa baba, hiyo si heshima ya bure. Svend alifuata jina lilikokuwa na haki ya kutawala.

Kanuni hiyo ndiyo iliyolipeleka jina hili Afrika.

Astrid wa Brussels alikuwa malkia kwa miezi 18 tu. Baba mkwe wake, Mfalme Albert wa Kwanza, alianguka akipanda majabali huko Marche-les-Dames mnamo Februari 1934, akafa, na Leopold akarithi kiti. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na malkia akaitisha michango ya nguo na chakula kwa maskini. Alisukuma kigari cha mtoto mwenyewe barabarani. Tarehe 29 Agosti 1935, wakiwa mapumzikoni Uswisi, mfalme mwenyewe alikuwa anaendesha Packard isiyo na paa kando ya ziwa karibu na Küssnacht, dereva amekaa nyuma. Gari liliacha njia, likagonga mti wa mapeasi, na Astrid akarushwa nje. Alikuwa na miaka 29. Aliacha watoto watatu: Josephine-Charlotte, Baudouin na Albert, ambaye alikuwa mchanga wa mwaka mmoja.

Kifo cha namna hiyo humgeuza mtu kuwa picha ya ukutani. Ubelgiji ilijaa mitaa, shule na sanamu za Malkia Astrid. Dada yake Märtha, aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Norway, tayari alikuwa amempa binti yake aliyezaliwa mwaka 1932 jina hilo hilo. Ndiye Bintimfalme Astrid wa Norway, ambaye baada ya mama yake kufa mwaka 1954 alishika nafasi ya mwanamke wa kwanza wa nchi kwa miaka 14, mpaka kaka yake Harald alipomuoa Sonja. Ubelgiji nako kuna Bintimfalme Astrid, mjukuu, aliyezaliwa mwaka 1962. Jina ambalo Ubelgiji halikuwa na mizizi yoyote likawa jina la kawaida la kubatizia, na kupitia makanisa ya Kikatoliki likashuka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Leo ukimwita binti Astrid au Astride pale Bukavu au Bujumbura hakuna atakayegeuka kushangaa.

Ila kabla ya mabinti kulikuwa na mji.

Ruanda-Urundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani pamoja na Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua Tanganyika, na Wabelgiji wakapewa Rwanda na Burundi chini ya Shirikisho la Mataifa. Kusini mwa Rwanda, kwenye barabara ya kwenda Burundi, Wabelgiji waliujenga mji na kuuita Astrida. Walikuwa na mazoea. Elisabethville ilikuwa ya mama mkwe wa Astrid, Albertville ya baba mkwe, Léopoldville ya yule mfalme mwingine, Leopold wa Pili, ambaye mikono iliyokatwa ya Wakongo ilimfanya ajulikane dunia nzima. Ukichora ramani ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kwa majina hayo unapata karibu ukoo wote mezani. Astrid na Leopold walizuru Kongo mwaka 1932 hadi 1933 wakiwa bado hawajatawazwa, lakini mji ule haukupewa jina lake kwa sababu ya lolote alilowatendea Wanyarwanda. Alikuwa mke wa mtu.

Astrida ungekuwa mji tu wenye jina la kigeni kama si shule. Mwaka 1929 mabruda wa Kikatoliki wa shirika la Charité walianzisha hapo shule kubwa, Groupe Scolaire, ya kuwaandaa wasaidizi wa serikali ya kikoloni: makarani, waganga wasaidizi, mabwana shamba, mabwana mifugo, na hasa machifu. Ilihudumia Rwanda na Burundi zote mbili. Waliochukuliwa walikuwa kwa wingi mno watoto wa wakubwa wa Kitutsi, na hilo halikuwa ajali. Lilikwenda sambamba na mageuzi ya utawala ambayo Wabelgiji waliyafanya miaka hiyo hiyo, ya kuwaondoa machifu wa Kihutu na kukusanya madaraka mikononi mwa kundi moja. Wahitimu walitembea na jina lao wenyewe. Waliitwa Astridiens. Kuwa mtu wa Astrida kulimaanisha suti, mshahara, Kifaransa safi, na cheo ambacho jirani yako hangekipata hata akisoma usiku na mchana, kwa sababu mlango wa kusomea ulikuwa umefungwa mapema.

Hapo ndipo ninapowalaumu watunga orodha. Miongoni mwa watu wa Astrida alikuwemo Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi, aliyesoma pale kuanzia mwaka 1945, aliyekuja kuwa karibu na Mwalimu Nyerere na TANU, akakiongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, na akapigwa risasi Oktoba 13 mwaka huo huo akiwa waziri mkuu wa nchi ambayo ilikuwa haijapata uhuru. Alikuwemo Kigeli wa Tano, mwami, yaani mfalme, wa mwisho wa Rwanda, aliyeng'olewa mwaka 1961, akazunguka uhamishoni Tanganyika, Uganda na Kenya kabla ya kuishia Marekani, alikofariki mwaka 2016. Hawa walibeba jina la binti wa Stockholm kwa namna nzito kuliko mwanamuziki wa pop aliyewekwa kwenye orodha kwa sababu ameuza santuri. Walipewa elimu kwa jina hilo, wakachaguliwa kwa jina hilo, na wenzao walionyimwa nafasi walilijua jina hilo kuwa jina la lango lililofungwa. Chuki ya miaka ya 1959 hadi 1962 ilikuwa na vyanzo vingi, na shule ile si chanzo pekee. Lakini huwezi kueleza nani alikuwa chifu na nani alikuwa mbeba mzigo bila kupita Astrida.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962 mji ukaitwa Butare. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha taifa kikafunguliwa hapo, na tangu mageuzi ya tawala za mikoa ya mwaka 2006 jina rasmi ni Huye. Elisabethville ilingoja mpaka 1966 iwe Lubumbashi, mwaka ule ule Léopoldville ilipokuwa Kinshasa. Hata hivyo wazee waliosoma pale waliendelea kujiita watu wa Astrida miaka mingi baada ya kibao kung'olewa. Siwacheki. Mtu haachi cheti chake kwa sababu serikali imebadili ramani.

Kuna jambo moja kuhusu mji huo ambalo linanirudia kila ninapolisoma jina. Butare iliwahi kuwa na malkia wake mwenyewe. Rosalie Gicanda, mjane wa Mwami Mutara wa Tatu, aliondolewa kwenye makazi ya kifalme ya Nyanza baada ya ufalme kuvunjwa, akahamia Butare, akaishi huko kwa utulivu na mama yake mzee na wanawake wachache waliomtunza. Tarehe 20 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, askari walimchukua nyumbani wakamuua. Kapteni aliyetoa amri hiyo alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Mji uliochukua jina la malkia mgeni aliyefia Uswisi ndio uliomuua malkia aliyekuwa jirani yao, aliyeishi nao kwa miaka mingi.

Na watoto wa Astrid? Baudouin alimpoteza mama yake akiwa hajatimiza miaka mitano. Alipozuru Kongo mwaka 1955 akiwa mfalme kijana, kapera, umati ulimpa jina la Bwana Kitoko, na watu wa umri fulani pale Lubumbashi bado wanalikumbuka kwa tabasamu. Miaka mitano baadaye, Juni 30, 1960, alisimama Léopoldville akaisifu kazi ya Leopold wa Pili, na Patrice Lumumba akampa jibu ambalo Wakongo wengi wanalijua karibu kwa moyo. Mjukuu wa Astrid, Mfalme Philippe, ndiye aliyekwenda Kinshasa Juni 2022 kueleza majuto makubwa kwa yaliyotendeka, na mwezi huo huo Ubelgiji ikairudishia familia ya Lumumba jino lake, mabaki pekee ya mwili wake. Majuto si msamaha ulioombwa. Maneno hayo mawili hayakugusana.

Nimekaa sana na malkia kwa sababu ya mji wake. Kwa uzito wa mtu binafsi, Astrid wa Copenhagen anamzidi mbali.

Mtoto wake Lars alikaa kwa mama mlezi, Bi Marie Stevens, miaka mitatu. Mama alipopata nauli alipanda treni ya usiku kutoka Stockholm, akakaa naye saa chache, akarudi ili Jumatatu awe kazini. Bi Stevens alipougua moyo, mtoto ilibidi achukuliwe, na mwaka 1930 alipelekwa kwa babu na bibi huko Småland, kwenye shamba walilokodi karibu na Vimmerby. Watu wanaomsoma Lindgren kama bibi mchangamfu wa hadithi za watoto wanakosa hiyo treni. Vitabu vyake vingi vina mtoto aliyeachwa peke yake. Mashuhuri kuliko wote, Pippi, hana mama wala baba nyumbani, ana farasi, ana nguvu za kumwinua farasi huyo, na hana mtu mzima wa kumwambia alale. Kampuni kubwa ya uchapishaji ya Bonniers ilimkataa Pippi. Rabén & Sjögren, iliyokuwa ndogo na taabani, ilimchapisha mwaka 1945 na ikapona.

Alipokuwa na umri ambao wengine hustaafu ndipo alipoanza kuwasumbua wanasiasa. Mwaka 1976 aligundua kwamba kodi yake kwa sehemu ya mapato imefika asilimia 102, yaani kila krona ya ziada anayoipata inamtia hasarani. Aliandika kisa cha kejeli kwenye gazeti la Expressen. Waziri wa Fedha, Gunnar Sträng, alijibu bungeni kwamba bibi huyo anajua kutunga hadithi ila hesabu hazijui. Naye akasema basi wabadilishane kazi. Hesabu ilikuwa sahihi. Septemba mwaka huo chama cha Social Democrats, ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikipigia kura maisha yake yote, kilishindwa baada ya zaidi ya miaka 40 madarakani. Kusema kwamba hadithi moja iliangusha serikali ni kutia chumvi, kulikuwa na mjadala wa nyuklia na mengine. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kuapa kwamba haikuchangia.

Mwaka 1978 alipewa tuzo ya amani ya wachapishaji wa Ujerumani. Waandaaji waliposoma hotuba yake mapema walimshauri aipokee tuzo na kushukuru tu. Akawajibu kwamba kama hasemi, haji. Akasema. Katika hotuba hiyo alimsimulia mama mmoja aliyemtuma mwanawe nje akatafute fimbo ya kuchapiwa. Mtoto alikaa sana, akarudi analia, akasema fimbo hakuipata, ila hili hapa jiwe, unaweza kunirushia. Mama akaelewa kile mtoto alichokielewa: kwamba mama anataka kuniumiza, na kwa kuumiza jiwe linafaa vilevile. Mwaka uliofuata, 1979, Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kisheria kumchapa mtoto hata nyumbani. Sisi Tanzania mwaka huo huo tulikuwa tunatoa kanuni za kuratibu viboko mashuleni, na bado tunahesabu: vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Hakukoma hapo. Akiwa karibu na miaka 80, pamoja na daktari wa mifugo Kristina Forslund, alipigania ng'ombe watolewe nje wale majani na kuku wasifungiwe maisha. Waziri Mkuu Ingvar Carlsson alimletea habari ya sheria mpya siku ya kuzaliwa kwake alipotimiza miaka 80. Ilipopita mwaka 1988 aliona imechujwa mpaka imekosa meno, akasema hivyo hadharani. Sura yake sasa iko kwenye noti ya krona 20, jina lake kwenye hospitali ya watoto Stockholm na kwenye tuzo ya fasihi ya watoto yenye krona milioni 5. Waswidi wakisema "Astrid" bila jina la pili, hawamaanishi malkia.

Wengine nitawapitia haraka, si kwa kuwadharau. Astrid Cleve, mtaalamu wa mimea, alipata udaktari Uppsala mwaka 1898 akiwa na miaka 23, mwanamke wa kwanza nchini Sweden kuupata katika sayansi. Baadaye mumewe waliyeachana alipata Nobel, na mwana wao naye Nobel, na yeye akabaki katika tanbihi za vitabu vya wote wawili. Astrid Varnay, aliyezaliwa Stockholm kwa wazazi wa Hungary, aliingia jukwaa la Metropolitan Opera ya New York Desemba 6, 1941 kumshikia nafasi mwimbaji aliyeugua, na asubuhi iliyofuata Pearl Harbor ikashambuliwa. Ujerumani jina lilishika pia: Astrid Kirchherr ndiye aliyewapiga picha Beatles huko Hamburg kabla hawajajulikana. Na Sweden yenyewe jina lililokuwa limeachiwa mabibi limerudi kwa watoto wachanga tangu miaka ya 2000, jinsi majina ya mabibi yanavyorudi kila mahali pale ambapo wajukuu wamewasahau mama wakwe na kumkumbuka bibi.

Nimemsifu Lindgren, na lazima niseme pia jambo linalonikwaza, kwa sababu linakutana na malkia mahali pasipotarajiwa. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake, Pippi anajitetea kwa uongo wake kwa kusema kwamba huko Kongo hakuna hata mtu mmoja anayesema kweli. Wanadanganya tangu saa moja asubuhi mpaka jua linapozama. Watetezi wanasema, na wana hoja, kwamba mwongo hapo ni Pippi, na kichekesho kinamwangukia yeye. Mtoto wa Sweden analijua hilo. Sina hakika mtoto wa Kisangani analisoma hivyo hivyo. Pia baba wa Pippi alikuwa, katika matoleo ya zamani, mfalme wa watu weusi wa kisiwani, kwa neno ambalo leo ni tusi. Toleo la mwaka 2015 lililibadilisha akawa mfalme wa Bahari ya Kusini, na Sweden ikagombana majuma kadhaa kuhusu nani ana haki ya kugusa maandishi ya marehemu.

Kwa maoni yangu neno lile lilistahili kutoka; kitabu ni cha watoto, na mtoto hawezi kuwekewa tanbihi kila ukurasa. Sentensi ya Kongo ningeiacha. Inasema ukweli kuhusu kile ambacho binti mwerevu wa Småland, aliyejua uchungu wa kuachwa na aliyekuja kupigania hata kuku, aliona ni mzaha usio na madhara kuhusu koloni la mume wa Astrid mwenzake. Ningeomba tu pembeni iandikwe tarehe: 1945, mwaka ambao Rwagasore, mvulana wa miaka 13, alikuwa anaripoti shuleni Astrida.